Neno Moja kwa Zamu Tatu: Uuguzi wa Wenye Magonjwa ya Hisia na Matatizo ya Haiba Kando ya Ziwa Victoria

Katika wodi ya magonjwa ya akili, daktari hupita asubuhi, husikiliza, huandika, kisha huelekea kliniki au wodi nyingine. Muuguzi ndiye abakiye. Ndiye amwonaye mgonjwa akikataa uji, akizungumza na ndugu zake jioni, na akizunguka saa nane za usiku wakati wenzake wamelala. Ndivyo ilivyo Bugando, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima kinachotazama Jiji la Mwanza. Ndivyo ilivyo pia katika hospitali za wilaya kama Ukerewe, Sengerema na Magu, ambako daktari bingwa wa akili mara nyingi yu mbali na muuguzi hubeba sehemu kubwa ya mzigo.

Makala haya yanahusu makundi mawili ya wagonjwa ambao uuguzi wao huwashinda wengi. Kundi la kwanza ni la wenye magonjwa ya hisia, yaani sonona na baipola. Kundi la pili ni la wenye matatizo ya haiba, ambao katika wodi nyingi huitwa kwa jina lisilo la kitabibu: wasumbufu. Makundi haya hutofautiana kwa mengi, lakini yote mawili hudai jambo moja ambalo haliuzwi katika duka la dawa, nalo ni uthabiti wa yule anayewahudumia.

Kipindi au mwenendo?

Magonjwa ya hisia huja kwa vipindi. Mtu aliyekuwa mzima hubadilika, akakaa katika hali hiyo kwa majuma au miezi, kisha akarudi alivyokuwa. Sonona hutambuliwa pale huzuni, au kukosa hamu ya mambo yaliyompendeza mtu, inapodumu kwa angalau wiki mbili pamoja na dalili nyingine kama kukosa usingizi, uchovu, kujilaumu na mawazo ya kifo. Mania ni kinyume chake: kwa wiki moja au zaidi mtu hulala kidogo bila kuchoka, husema bila kupumua, hujiona mkuu kuliko watu wote, hukasirika upesi na hutapanya mali. Aliyewahi kupata mania huhesabiwa kuwa na baipola, hata kama leo ameletwa akiwa na huzuni. Kwa hiyo kila mgonjwa wa sonona aulizwe kama aliwahi kupitia siku za kutolala na nguvu zisizo za kawaida, kwa maana dawa za sonona zikitolewa peke yake kwa mwenye baipola zinaweza kumwasha akaingia katika mania.

Tatizo la haiba si kipindi. Ni namna ya kuhisi, kuwaza na kuhusiana na watu ambayo huanza katika ujana, hudumu miaka, na huonekana nyumbani, kazini na hospitalini vilevile. Aina ipelekwayo hospitali mara nyingi ni ile ya haiba isiyo thabiti: hofu kubwa ya kuachwa, hisia zinazogeuka ndani ya saa chache, mapenzi yanayogeuka chuki, na tabia ya kujidhuru.

Swali linalosaidia kutofautisha ni la kawaida, na linafaa kuelekezwa kwa mama mzazi au ndugu wa karibu: “Mama, mwanao alikuwa hivi tangu ujana wake, au alibadilika baada ya mavuno yaliyopita?” Jibu hupaswa kuandikwa katika faili kwa maneno ya ndugu mwenyewe. Tena isisahaulike kwamba mtu mmoja aweza kuwa na yote mawili, na kwamba mwili nao husema kwa lugha ya akili. Malaria kali, pombe, bangi, ugonjwa wa tezi ya shingo na VVU vyote vinaweza kufanana na ugonjwa wa hisia. Utafiti uliofanywa Uganda na Etheldreda Nakimuli-Mpungu na wenzake, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba wagonjwa wenye mania iliyoletwa na VVU walikuwa na umri mkubwa zaidi na walipungukiwa zaidi na uwezo wa kufikiri kuliko wenye mania ya kawaida. Mania inayoanza kwa mara ya kwanza ukubwani iwe sababu ya kupima.

Usingizi na giza la mwezi

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta samaki juu. Mbalamwezi ikiwa kali, mitumbwi hupumzika. Hivyo maelfu ya wavuvi hukesha kwa majuma kadhaa ya kila mwezi. Kwa mtu mwenye baipola, kukesha huku kunaweza kuamsha mania, na mara nyingi kupungua kwa usingizi huwa ndiyo dalili ya kwanza kabla hata maneno hayajaongezeka. Muuguzi anayefahamu kazi za mwaloni ataliuliza hilo mapema, naye atazungumza na familia juu ya kubadilisha kazi badala ya kuiacha: kuanika dagaa, kushona nyavu, au kuuza mchana.

Katika wodi, saa za kulala ziandikwe kila asubuhi kama yaandikwavyo mapigo ya moyo. Mgonjwa wa mania awekwe mahali patulivu, aambiwe mambo kwa sentensi fupi, wala asibishwe juu ya ukuu anaojidai. Kwa kuwa hatulii mezani, apewe chakula cha kushika mkononi, kama kiazi kilichochemshwa, ndizi au mkate, na maji kila mara. Ndugu washauriwe kutunza kwa muda simu, fedha na hati za mali, kwa ridhaa yake pale inapowezekana, kwa sababu mtumbwi au ng’ombe waliouzwa katika siku za mania hawarudi mgonjwa anapopona, na aibu ya hasara hiyo huweza kumtumbukiza katika sonona.

Dawa nazo zinahitaji jicho la muuguzi. Lithiamu, ambayo faida yake katika mania ilielezwa na John Cade wa Australia mwaka 1949, hufanya kazi vizuri lakini nafasi kati ya dozi inayoponya na dozi inayodhuru ni ndogo. Kiasi chake katika damu hupimwa, na figo na tezi ya shingo hufuatiliwa. Mtu anayetokwa jasho juani, anayehara au kutapika hupoteza maji, na lithiamu humzidia. Akianza kutetemeka sana, kuyumba au kuzungumza kwa ulimi mzito, aache kumeza na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kabamazepini hupunguza nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango na za dolutegravir, dawa inayotumiwa na wengi wanaoishi na VVU, kwa hiyo kliniki hizo mbili zinapaswa kuzungumza. Valproeti huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Haifai kuanzishwa kwa msichana au mwanamke mwenye uwezekano wa kupata mimba endapo kuna dawa mbadala.

Sonona husikilizwa

Upande wa magharibi wa ziwa hili, katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, ilijaribiwa mwaka 2002 tiba ya sonona isiyotumia vidonge. Watu wa vijiji 30 walihusika. Katika nusu ya vijiji, wenye sonona walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki, dakika 90 kila mara, kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo. Walizungumza juu ya misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha yaliyowaangusha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba mwishoni asilimia 6.5 tu ya waliokuwa katika vikundi bado walikuwa na sonona, ilhali katika vijiji vingine ilikuwa asilimia 54.7. Waliofanya kazi hiyo hawakuwa madaktari. Muuguzi wa zahanati, akipewa mafunzo na usimamizi, anaweza kuanzisha kikundi kama hicho chini ya mwembe.

Kuhusu kujiua, muuguzi aulize waziwazi, kwa sauti ya upole: “Dada, umefika mahali pa kuona heri ufe? Umefikiria namna ya kufanya hivyo?” Kuuliza hakupandi wazo hilo, humwondolea mgonjwa upweke wa kulibeba. Wengi huficha kwa kuogopa sheria, maana kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Lakini mbele ya kitanda wajibu wa muuguzi haubadiliki: aliyeletwa ni mgonjwa, na maisha yake ndiyo ya kwanza.

Zamu tatu, neno moja

Mgonjwa mwenye haiba isiyo thabiti humwambia muuguzi wa asubuhi kwamba yeye peke yake ndiye anayemwelewa, na wa jioni ni katili. Wa asubuhi hulegeza masharti. Wa jioni, akiona kazi yake imebomolewa, huyakaza kupita kiasi. Baada ya siku tatu wauguzi wamegombana, na mgonjwa ambaye tangu utotoni hajui nani wa kumtegemea amethibitishiwa hofu yake. Daktari Tom Main wa Uingereza alieleza hali hiyo mwaka 1957: wagonjwa ambao kila anayewahudumia huamini ni yeye tu awawezaye, huku timu nzima ikigawanyika.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mpango wa uuguzi uandikwe na ujulikane kwa zamu zote tatu na kwa mgonjwa mwenyewe: muda wa kuzungumza naye kila siku, mambo yasiyoruhusiwa, na litakalofanyika akijidhuru. Muuguzi asiahidi asichoweza kutimiza. Anapomaliza zamu, aage, aseme atarudi lini, na ataje jina la anayempokea. Haya ni madogo kwa mtu mwingine, lakini kwa anayeogopa kuachwa ni tiba.

Akijidhuru, jeraha lisafishwe kwa uangalifu uleule anaopewa aliyeanguka na baiskeli, bila karipio na bila taharuki. Kisha aulizwe nini kilitangulia, na safari ijayo angeweza kufanya nini kabla ya kufika hapo. Dawa si tiba kuu ya haiba. Tiba kuu ni mazungumzo yenye utaratibu, kama ile aliyoiandikia kitabu Marsha Linehan wa Marekani mwaka 1993. Mwaka 2011 alieleza hadharani kwamba naye katika ujana wake alilazwa hospitali kwa kujidhuru. Wagonjwa wanafaa kulijua hilo.

Sindano ya kutuliza haitolewi kwa kulipiza kisasi, wala chumba cha peke yake si kifungo. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa kulazwa na kutunzwa. Muuguzi aliyechoka hadi anatamani kumwadhibu mgonjwa hana budi kulisema hilo kwa mkuu wa wodi na kupokewa kwa muda.

Baada ya lango

Wiki ya kwanza baada ya kuruhusiwa ndiyo yenye hatari kubwa zaidi ya kujiua. Kwa hiyo ruhusa iambatane na mambo manne: tarehe ya kliniki ndani ya siku saba, simu kutoka wodini, ndugu mmoja aliyeelezwa dalili za hatari, na dawa za muda mfupi zinazotunzwa na ndugu huyo. Kwa anayerudi kisiwani, ambako nauli ya kivuko na upepo vinaweza kumzuia kurudi Mwanza, barua ya rufaa iende kwenye kituo cha afya kilicho karibu naye. Kwa mvuvi anayehama kambi, aandikiwe kadi ya dawa atakayoionyesha popote. Na familia itakayopitia kwa mganga wa jadi isifukuzwe kwa maneno makali. Iombwe tu isikatishe vidonge.

Mgonjwa naye anayo haki ya kuuliza: ugonjwa wangu unaitwaje, dawa hii nitaimeza hadi lini, inanidhuru vipi, na usiku nikizidiwa nimpigie nani? Muuguzi wa asubuhi, wa jioni na wa usiku wakimpa jibu lilelile, matibabu yake yameanza vizuri.