Maoteo, Makadirio na Lengo: Istilahi za Hesabu ya Mauzo Katika Lahajedwali

Katika ofisi na maduka mengi siku hizi, hesabu ya mauzo ya miezi ijayo haifanywi tena kwa kalamu na daftari, bali kwa kompyuta. Karani huandika mauzo ya miezi iliyopita, huita kanuni moja tu, na papo hapo hupata tarakimu ya mwezi ujao. Lakini tarakimu hiyo inapoingizwa katika taarifa ya Kiswahili, ndipo matatizo huanza. Mmoja huiita utabiri, mwingine makadirio, wa tatu makisio, na wa nne huiandika kuwa lengo. Jambo hili si la kuchagua neno tamu tu. Yule atakayeagiza bidhaa, au atakayeidhinisha fedha, atatenda kwa kufuata neno alilopewa. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi hesabu yenyewe inavyofanyika, kisha kupendekeza neno linaloifaa.

Tuanze na chombo. Lahajedwali ni neno lililoundwa kwa kuunganisha laha, yaani karatasi, na jedwali. Programu ya kwanza ya aina hii kuenea katika kompyuta ndogo ni VisiCalc, iliyotolewa mwaka 1979 na Wamarekani Dan Bricklin na Bob Frankston kwa ajili ya kompyuta ya Apple II. Ikafuatwa na Lotus 1-2-3 mwaka 1983, na Excel mwaka 1985. Kila chumba cha jedwali huitwa seli. Seli zinazofuatana kwenda chini hufanya safu wima, na zinazofuatana kwenda kando hufanya safu mlalo. Agizo la hesabu linaloandikwa ndani ya seli, likitanguliwa na alama ya sawasawa, huitwa fomula. Ndani ya fomula twaweza kuita hesabu iliyokwisha kutungwa na waundaji wa programu na kupewa jina lake. Katika makala haya tunaiita hesabu hiyo kanuni.

Majina ya kanuni huwatatiza wafasiri. Katika Excel ya Kijerumani kanuni ya kujumlisha huitwa SUMME, na katika ile ya Kifaransa huitwa SOMME. Watumiaji wa kwetu kwa kawaida huandika SUM, na kompyuta zao hazitaelewa JUMLA. Kwa hiyo mfasiri aliache jina la kanuni kama linavyoandikwa katika mashine, kisha aeleze kwa Kiswahili kazi inayofanywa na kanuni hiyo. Akilitafsiri jina lenyewe, mwanafunzi ataliandika kama alivyolisoma na hatapata jibu.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni. Duka la vifaa vya ujenzi limeuza mifuko ya saruji kwa miezi sita mfululizo kama ifuatavyo: 122, 136, 138, 150, 152 na 166. Namba za miezi, yaani 1 hadi 6, zimo katika safu wima A, na mauzo yamo katika safu wima B. Tukiandika =FORECAST.LINEAR(7,B1:B6,A1:A6) tutapata 172, yaani mauzo ya mwezi wa saba iwapo mambo yataendelea kama yalivyokuwa. Katika programu za zamani kanuni hii huitwa FORECAST tu.

Je, 172 imetoka wapi? Kompyuta imetafuta mstari ulionyooka unaopita karibu zaidi na namba zote sita. Kwa kila mwezi huchukua tofauti baina ya mauzo halisi na mstari, huizidisha tofauti hiyo kwa yenyewe, kisha hujumlisha. Mstari unaochaguliwa ni ule ambao jumla yake ni ndogo kuliko ya mstari mwingine wowote. Njia hii si ngeni: Mfaransa Adrien-Marie Legendre aliichapisha mwaka 1805, na Mjerumani Carl Friedrich Gauss akaieleza kwa mapana mwaka 1809. Katika mfano wetu mstari huo huanzia 116 na kupanda kwa mifuko 8 kila mwezi. Mara 7 kwa 8 ni 56, tukiongeza 116 twapata 172. Ile 8 hutolewa na kanuni ya SLOPE, na ile 116 na kanuni ya INTERCEPT.

Hapa lugha yatudai uangalifu. Baadhi ya vitabu hukiita kipimo kinachotolewa na SLOPE mteremko. Katika hesabu tupu neno hilo halina ubaya, lakini katika taarifa ya biashara litapotosha. Mkurugenzi akisoma kwamba mteremko wa mauzo ni 8 atadhani mauzo yanashuka, kumbe yanapanda. Tunaona mwinamo lafaa zaidi, kwa kuwa mstari waweza kuinama upande wowote. Na kwa msomaji asiye mwanahisabati, njia bora kuliko zote ni kusema waziwazi: mauzo yameongezeka kwa wastani wa mifuko 8 kila mwezi.

Kanuni ya TREND hufanya kazi hiyohiyo kwa miezi kadhaa kwa pamoja, na neno lake la Kiswahili, mwelekeo, limekwisha kuzoeleka. Kanuni ya GROWTH ni tofauti. Badala ya kuongeza idadi ileile kila mwezi, yenyewe huzidisha kwa uwiano uleule. Tusidanganywe na neno ukuaji, maana uwiano ukiwa chini ya moja namba hupungua kila mwezi. Mfasiri na aseme mabadiliko ya uwiano, naye atakuwa salama.

Mstari ulionyooka, hata hivyo, haujui misimu. Mwuza madaftari anajua kwamba Januari, shule za Tanzania zinapofunguliwa, si sawa na mwezi mwingine wowote. Kwa biashara ya namna hiyo ipo kanuni ya FORECAST.ETS, iliyoingizwa katika Excel ya mwaka 2016. Msingi wake ni njia iliyoasisiwa na Charles Holt mwaka 1957 na kukamilishwa na Peter Winters mwaka 1960, ambayo hupa mauzo ya karibuni uzito mkubwa kuliko ya zamani, na kuweka hesabu ya msimu kando. Kuyapunguza hivyo makali ya kupanda na kushuka twaweza kukuita ulainishaji.

Lakini kanuni hii nayo hudhani kwamba msimu hurudi baada ya idadi ileile ya miezi, mathalan 12. Mwezi wa Ramadhani hufuata mwaka wa mwezi mwandamo, nao huwahi kuja kwa siku 10 au 11 hivi kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Mwuza tende wa Unguja au Mombasa akiiachia kompyuta hesabu yote, baada ya miaka michache itamwelekeza kuagiza shehena katika mwezi ambao Ramadhani imekwisha kuuhama. Ni mtu, wala si kanuni, anayeijua kalenda.

Kwa kuwa sasa tunaijua hesabu, tuyapime maneno.

(a) Makisio ni namba itokayo katika uzoefu au dhana ya mtu, bila kulazimika kufuata kumbukumbu zilizoandikwa.

(b) Makadirio ni neno lililokwisha kupata makao yake katika fedha za umma. Waziri anaposoma Bungeni makadirio ya mapato na matumizi, anaomba idhini. Tukiita tarakimu ya lahajedwali makadirio, msomaji aweza kudhani kwamba imekwisha kuombewa fedha.

(c) Utabiri umezoeleka katika hali ya hewa, na huko ubaki. Katika biashara neno hilo huipa namba heshima isiyostahili, kana kwamba mhusika ameiona kesho.

(d) Lengo ni namba tunayoitaka. Halitokani na mwinamo wa mstari bali na uamuzi wa uongozi.

(e) Maoteo ni namba ya wakati ujao iliyopatikana kwa kukokotoa kutokana na kumbukumbu za wakati uliopita.

Tunapendekeza neno hili la mwisho. Wala si geni: limo katika nyaraka za mipango na bajeti za Tanzania, na katika sekta ya afya vituo vya tiba hutakiwa kuandaa maoteo ya mahitaji ya dawa. Wako wanaolipinga kwa kuwa linawakumbusha ndoto, na wapenzi wa kandanda hulisikia kila mchezaji anapoadhibiwa kwa kuotea. Twawajibu kwamba kuotea ni pia kukisia jambo lililofichika, na kwamba hata tabiri lenyewe lina asili ya neno la Kiarabu lenye maana ya kufasiri ndoto. Asili ya neno haiwezi kuwa kizuizi pale ambapo matumizi yamekwisha kulinyoosha.

Tofauti hizi zina uzito wake katika kazi. Kituo cha afya kikipeleka makisio kwa jina la maoteo, dawa aidha zitapungua wagonjwa wangali wakizihitaji, ama zitazidi na kuisha muda wake ghalani. Mwuzaji naye ambaye maoteo yake yameandikwa kuwa lengo ataonekana ameshindwa kazi, ilhali mvua za masika ndizo zilizosimamisha ujenzi.

Limebaki jambo moja. Maoteo yasiyo na mipaka si kamili. Katika mfano wetu, hesabu ya kitakwimu inaonyesha kwamba, kwa uhakika wa asilimia 95, mauzo ya mwezi wa saba yatakuwa takriban baina ya mifuko 159 na 185, ikiwa mwelekeo hautabadilika. Hiyo twaiita mipaka ya uhakika, nayo haina budi kuandamana na tarakimu kila inapotajwa.

Basi, mwandishi wa taarifa na aandike hivi: Maoteo ya mauzo ya mwezi wa saba ni mifuko 172, na mipaka ya uhakika ni 159 hadi 185, kwa kufuata mwelekeo wa miezi sita iliyopita, lengo la duka ni mifuko 180. Kwa maelezo hayo mwenye kuagiza saruji atajua ni kipi kilichokokotolewa, ni kipi kinachotakiwa, na ni kiasi gani cha shaka anachopaswa kukiwekea akiba.