MAFUA YANAPOINGIA SIKIONI

Mama, mtoto wako amekuwa na mafua siku nne. Makamasi yamepungua, nawe unafurahi. Lakini usiku analia, anavuta sikio, anakataa ziwa. Asubuhi unaona usaha kwenye nguo aliyolalia. Jirani anasema, "Ni meno tu." Sivyo. Mafua yameingia sikioni.

Yaliingiaje? Kuna njia ndogo itokayo nyuma ya pua mpaka ndani ya sikio. Ya mtoto ni fupi, tena imelala. Virusi vya mafua huivimbisha hata inaziba. Maji hukusanyika ndani, na vidudu vilivyokuwa puani hupata mahali pa kuzaana. Ndipo usaha hutokea, na ngozi nyembamba ya sikio huweza kupasuka. Ugonjwa ukirudi mara kwa mara, mtoto hasikii vizuri, hukawia kusema, na shuleni ataitwa mkaidi bure.

Je, hakuna dawa ya kuzuia virusi mapema? Kwa gripe iko, jina lake oseltamiviri. Mwaka 2001 madaktari walitoa habari za watoto wa miaka 1 mpaka 12 wenye gripe, waliotibiwa kabla siku 2 hazijapita. Kati ya waliopewa dawa hiyo, 12 katika kila 100 waliugua sikio. Kati ya waliopewa dawa ya mfano isiyo na nguvu, 21. Ni faida, lakini si kinga kamili. Tena huwatapisha watoto wengine, wala haisaidii kitu kwa mafua ya kawaida, nayo ndiyo mengi. Basi usiitafute sokoni. Daktari ndiye wa kuamua. Lakini mtoto mchanga akipata homa kali na kikohozi, mlete siku ya kwanza, si ya tano.

Kwa mafua mengine, kazi kubwa ni yako. Mnyonyeshe. Usimpe chupa akilala chali. Mtoe katika moshi wa jiko. Apate sindano za kukinga vidudu vya pneumokoki, zilizoanza kutolewa katika Kongo mwaka 2011.

Usaha ukitoka, sokota kitambaa safi kikavu kama utambi, kitie sikioni, kitoe kikilowa, utie kingine mpaka pakauke. Fanya hivyo mara 3 kila siku, na umpeleke dispansari apimwe. Usitie mafuta, wala maji ya majani, wala mkojo. Ukiona uvimbe unaouma nyuma ya sikio, usingoje kesho: mlete hospitali leo hii, hata ikiwa usiku.