Sehemu ya Pili: Tembo au Maji?

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wazee waliitunga methali hii kwa ajili ya wagema minazi, lakini mimi naona yawafaa sana watu wa sinema. Mtu akitengeneza picha moja nzuri, watu wakamsifu na fedha zikaingia, hatulii. Mara analeta sehemu ya pili, kisha ya tatu, kisha ya nne. Nasi watazamaji twalipa kiingilio, maana jina twalijua. Je, tunapewa tembo au maji?

Desturi hii imeenea sana katika zile sinema za kubuni za kisayansi, zenye vyombo vya kwenda kwenye nyota, mashine zenye akili, na wanyama wakubwa mno watokao baharini. Wako wasemao kwamba hizo zote ni upuuzi wa watoto. Mimi sikubali. Hadithi ya sungura na fisi nayo ni ya kubuni, hata hivyo babu hakutusimulia bure. Tutazame mfano mmoja, yaani Godzilla wa Japani.

Kwanza mambo ya kweli. Tarehe 1 Machi 1954 Wamarekani walilipua bomu la haidrojeni huko Bikini, visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Nguvu yake ilikuwa kama mara elfu moja ya lile lililoteketeza mji wa Hiroshima mwaka 1945. Wavuvi 23 wa Kijapani walikuwa baharini, mbali kwa zaidi ya kilomita 100. Wakaona mwanga upande wa magharibi, kana kwamba jua linachomoza kusiko kwake. Baadaye majivu meupe yakawanyeshea. Walirudi nyumbani wagonjwa, na mwezi wa Septemba mmoja wao, mtu wa simu ya upepo, alifariki dunia.

Tarehe 3 Novemba mwaka huo huo, sinema ya Godzilla ilianza kuonyeshwa Japani. Mwongozaji wake, Ishiro Honda, alikuwa askari zamani, na aliporudi kutoka vitani alipita Hiroshima akayaona magofu yake. Katika hadithi yake, mabomu yanaamsha dubwana lililokaa chini ya bahari tangu kale. Linazamisha meli, linaingia mji wa Tokyo, linauchoma moto.

Ndani ya dubwana hilo alikuwamo mtu, Haruo Nakajima, amevaa vazi zito la mpira akikanyaga vijumba vya mfano. Ngurumo yake ilipatikana kwa kulegeza uzi wa fidla kubwa na kuusugua kwa glovu ya ngozi. Ukisimuliwa utacheka, lakini picha yenyewe haichekeshi. Mama mmoja amewakumbatia watoto wake huku moto unawazunguka, anawaambia kwamba karibu watakwenda kuonana na baba yao. Watu wa Tokyo hawakuhitaji kuelezwa jambo hilo, maana mji wao uliungua kwa mabomu mwaka 1945.

Tena yumo mtaalamu mmoja, Serizawa. Amegundua kitu kiwezacho kuliua dubwana, lakini anaogopa kwamba wakubwa wa dunia watakigeuza silaha. Afanyeje? Anachoma karatasi zake zote, anashuka baharini, anakitumia mara moja tu, kisha anakata kamba yake afe pamoja na siri yake. Nakuuliza, msomaji: huo nao ni upuuzi wa watoto?

Haya basi, picha ilipata fedha, na mgema akasifiwa. Kabla miezi sita haijatimia, Aprili 1955, sehemu ya pili ilikuwa tayari. Kwa kuwa Godzilla wa kwanza alikwisha kufa, aliletwa mwingine, pamoja na mnyama wa kupigana naye mjini Osaka. Mwaka 1962 alipambana na King Kong. Mwaka 1964 alianza kuwatetea watu. Mwaka 1967 akapewa mtoto. Mwaka 1969 walichukua vipande vya picha za zamani wakavishona ndani ya mpya. Maji juu ya maji!

Watoto walifurahi, nami siwalaumu. Lakini yule mama amekwenda wapi? Wavuvi je? Msiba wa watu umegeuzwa mchezo wa mieleka. Hapo ndipo penye hasara yenyewe: mtoto anajua ni dubwana gani lilimshinda mwenziwe, wala hajui kwa nini lilitoka baharini. Hali watu wa Bikini, waliohamishwa mwaka 1946, mpaka leo hawajaweza kurudi kukaa kwao kwa kudumu.

Je, kila sehemu ya baadaye ni maji? La, hasha. Mwaka 1971 Godzilla alipigana na dubwana lililokuzwa na uchafu wa viwanda, na Japani wakati ule uchafu huo ulikuwa unaua watu kweli. Mwaka 2011 tetemeko na mawimbi makubwa yaliharibu kituo cha umeme wa nyuklia cha Fukushima. Sinema ya mwaka 2016 ikaonyesha wakubwa wakifanya mkutano juu ya mkutano huku dubwana linazidi kukaribia. Nayo ya mwaka 2023 yamhusu rubani aliyekwepa kufa vitani, anayeishi na aibu yake katika Tokyo iliyoungua, akilea mtoto yatima asiye wake. Hiyo ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2024 kwa ufundi wa picha zake.

Hata Wamarekani wanao mfano mzuri. Mwaka 1984 James Cameron alitengeneza sinema ya Terminator, yenye mashine ya sura ya mtu iliyotumwa kuua. Katika sehemu ya pili, mwaka 1991, mashine ya sura ile ile inakuja kumlinda mtoto, na mwishowe inakubali kuyeyushwa ili ufundi wake usije ukaangamiza watu. Kwa maoni yangu imeipita ya kwanza. Lakini ina mauaji mengi, si ya kuwaonyesha watoto.

Kwa hiyo tusiihukumu sinema kwa namba yake. Sehemu ya pili ni tembo halisi ikiwa mtengenezaji ana neno jipya la kusema. Ni maji ikiwa ana jina la zamani tu la kuuza.

Nanyi wazazi, siku hizi picha hizi zimo katika vibanda vya video na katika simu za mkononi. Kukataza tu hakutoshi. Mtoto akisha kutazama, mwulize maswali mawili: Dubwana lile lilitoka wapi? Na nani aliumia? Akiweza kujibu, ametazama hadithi. Asipoweza, kaa naye umweleze habari za wale wavuvi 23.