Fahamu: Betri ya litiamu isiyo na majimaji inakwama wapi?

Gramu moja ya metali ya litiamu hubeba chaji takriban mara 10 ya grafiti iliyomo kwenye betri ya simu yako. Kikwazo ni elektroliti, yaani njia ya ioni: ile ya majimaji hushika moto, na litiamu huotesha ndani yake miiba inayopiga shoti. Basi iwe ngumu? Elektroliti ngumu zenye salfa hupitisha ioni vizuri, lakini huanza kuharibika kabla ya volti 4, na zikipata unyevu hutoa gesi inayonuka mayai viza. Mwaka 2018 watafiti wa Panasonic, Japani, walionyesha kuwa zenye klorini huhimili zaidi ya volti 4. Ila litiamu huzitafuna. Ndipo wabunifu wakapanga tabaka mbili: klorini upande wa chanya, salfa upande wa litiamu, ingawa salfa nayo si malaika.