Mkia wa Dunia na Mbiu ya Sumaku

Dunia yetu ni sumaku kubwa. Wataalamu huichora nguvu yake kama nyuzi zitokazo ardhini, zikapanda angani na kurudi upande wa pili. Nyuzi za upande wa usiku mara kwa mara hutikisika kama uzi wa zeze. Ni nani azigusaye?

Chanzo ni jua. Jua hupuliza upepo wa chembe zenye umeme, uendao kilomita 400 hivi kwa sekunde. Upepo huo huzivuta nyuzi za usiku zikawa mkia mrefu, unaopita masafa ya mwezi. Mkia ukivutwa kupita kiasi, nyuzi hukatika, huungana upya na kurudi kwa kasi kuelekea duniani kama mpira wa manati ulioachiwa. Chembe zinazorushwa hivyo huzigonga nyuzi imara zilizo karibu nasi, nazo hutikisika, kila mtikisiko ukichukua sekunde 40 hadi 150. Setilaiti 5 za THEMIS, zilizorushwa na Marekani mwaka 2007, zilisaidia kulithibitisha jambo hilo.

Yatuhusu nini? Mitikisiko hiyo midogo haidhuru. Lakini sumaku ikivurugika vikali, huzaa umeme katika nyaya ndefu. Tarehe 13 Machi, 1989, dhoruba ya sumaku ilizima umeme Quebec, nchini Kanada, na watu milioni 6 wakakaa gizani saa 9. Mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo. Nayo mitikisiko hiyo ni mbiu ya mkia wa dunia.