Kazi ya darasa la grafiki inavyoweza kuokoa fedha za msindikaji mdogo

Ukipita kwenye mabanda ya wasindikaji wadogo wakati wa Nanenane au Sabasaba, utakuta asali safi, siagi ya karanga, unga wa lishe na mvinyo wa rosela ambao ladha yake haina ubishi. Kasoro huanzia kwenye lebo. Picha ya nyuki imevurugika kama imepigwa kwenye ukungu, rangi ya dhahabu imegeuka kuwa kahawia ya matope, na uzito halisi umeandikwa kwa herufi ndogo kiasi kwamba mnunuzi mwenye miwani naye anauliza.

Wakati huohuo, vyuoni kuna vijana wanaosoma grafiki za kompyuta na uhariri wa picha za kidijitali. Kila muhula wanapewa kazi ya kukabidhi: bango la filamu isiyokuwepo, au picha ya mwanafunzi mwenyewe akiwa amesimama mwezini. Mwalimu anatoa alama, na faili linabaki kwenye kompyuta hadi litakapofutwa. Kwa jicho la mchumi, huu ni ujuzi unaozalishwa na kutupwa huku soko lake likiwa mita chache nje ya geti la chuo.

Hebu tuangalie kile ambacho mwanafunzi huyo anafundishwa, na kinamhusu vipi mwenye mizinga.

Somo la kwanza ni tofauti ya picha za aina mbili. Picha ya kamera imeundwa na vitone vidogo vinavyoitwa pikseli, na kila kitone hubeba namba tatu, za nyekundu, kijani na bluu, kuanzia 0 hadi 255. Ukiikuza picha hiyo kupita kiasi, vitone vinaonekana. Aina ya pili ni vekta, ambayo haihifadhi vitone bali maelezo ya mistari na mikunjo. Nembo iliyochorwa kwa vekta inaweza kuchapwa kwenye kifuniko cha chupa au ubavuni mwa lori bila kuvurugika.

Hapa ndipo hesabu ndogo inapohitajika. Uchapaji mzuri wa lebo hutaka takriban pikseli 300 kwa kila inchi moja. Lebo yenye upana wa sentimita 10 inahitaji picha ya karibu pikseli 1,180 kwa upana. Picha iliyochukuliwa kwenye intaneti yenye pikseli 600 itatosha sentimita 5 tu. Ukiivuta ijaze lebo nzima, ukungu ndio huo. Tena picha hiyo mara nyingi ina mwenyewe, na Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999.

Somo la pili ni rangi. Kioo cha kompyuta hutengeneza rangi kwa mwanga, ilhali mashine ya uchapaji hutumia wino wa aina nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Kuna rangi zinazong'aa kwenye kioo ambazo wino huo hauwezi kuzitoa, hasa kijani kikali na machungwa ya kung'ara. Mjasiriamali anayekubali lebo kwa kuitazama kwenye simu anakubali kitu ambacho hakitachapwa. Njia ya salama ni kuomba nakala moja ya majaribio kwenye karatasi, aibandike kwenye chupa yenye asali ndani, aitazame juani na dukani chini ya taa.

Gharama ya kosa moja

Kwa nini haya yote yawe habari ya ukurasa wa biashara? Tuchukue mfano wa namba za kubuni ili hesabu iwe rahisi. Uchapaji wa ofseti unahitaji sahani nne, moja kwa kila wino. Tuseme sahani na matayarisho ya mashine yanagharimu Sh300,000, na baada ya hapo kila lebo inakula Sh50 za karatasi na wino. Ukichapa lebo 500, kila moja imekugharimu Sh650. Ukichapa 5,000, imeshuka hadi Sh110. Uchapaji wa kidijitali hauhitaji sahani. Tuseme kila lebo ni Sh300, iwe moja au elfu. Kwa namba hizi, njia hizo mbili zinalingana kwenye lebo 1,200. Chini ya hapo kidijitali ni nafuu, juu yake ofseti inashinda.

Msindikaji anayeanza hushawishika na bei ya lebo 5,000, na mchapaji hana sababu ya kumzuia. Sasa ikitokea tarakimu moja ya anwani imekosewa, au nafasi ya tarehe ya kumaliza muda imesahauliwa, Sh550,000 zimekwenda na maji. Kama faida yake ni Sh1,000 kwa chupa, atauza chupa 550 kabla ya kurudi pale alipokuwa. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kuchapa kidijitali lebo mia mbili au tatu kwanza, hata kama kila moja inamuuma, na kwenda ofseti baada ya soko na wakaguzi kuziona.

Wakaguzi wana orodha yao. Chakula kilichofungashwa kinatakiwa kuonyesha jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, jina na anwani ya mzalishaji, namba ya toleo na tarehe. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uliokuwa chini ya TFDA umehamia Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Mwanafunzi mwenye jicho la urembo huyaona maandishi haya kama uchafu unaoharibu mchoro wake, akayasukuma pembeni. Apangiwe nafasi yake kwanza, maua yafuate.

Barkodi nayo ina vituko vyake. Ile ya tarakimu 13 ina ukubwa wa kawaida wa karibu milimita 37 kwa 26, pamoja na nafasi tupu za pembeni, na inaruhusiwa kupunguzwa hadi asilimia 80 tu. Mbunifu akiibana zaidi ili ienee, skana inakataa. Wengine huipaka rangi nyekundu ili ioane na nembo. Skana nyingi za madukani hutumia mwanga mwekundu, na kwa mwanga huo mistari myekundu juu ya karatasi nyeupe haionekani kabisa. Mistari iwe myeusi, usuli uwe mweupe. Niongeze hapa kwamba tarakimu 620 za mwanzo zinaonyesha namba imetolewa na GS1 Tanzania, kama 616 inavyoonyesha Kenya. Si ushahidi wa mahali asali ilikorinwa, ingawa wauzaji hupenda kuliambia soko hivyo.

Programu zipo bila malipo

Hoja inayosikika mara kwa mara ni kwamba programu za kazi hizi ni ghali, hivyo vijana hutumia nakala za wizi. Si lazima. GIMP, ya kuhariri picha, ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na hutolewa bure hadi leo. Hata Photoshop ilitokana na programu aliyoiandika Thomas Knoll mwaka 1987 akiwa mwanafunzi wa udaktari Michigan, kabla Adobe hawajaitoa sokoni mwaka 1990. Kwa michoro ya vekta ipo Inkscape, na kwa kupanga kurasa na kuandaa rangi nne za mchapaji ipo Scribus. Zote ni bure.

Kinachokosekana ni mpango. Mkufunzi anaweza kubadili kazi ya muhula iwe lebo ya bidhaa ya kweli, kwa kuwatafuta wasindikaji kupitia ofisi ya SIDO ya mkoa. Alama zitolewe kwa kitu kilichochapwa na kubandikwa chupani, si kwa picha ya kwenye kioo, na barkodi ijaribiwe kwenye skana ya duka. Mwanafunzi atakayefeli hapo atakuwa amefeli kwa sababu ya maana.

Msindikaji naye asiifanye hii kuwa njia ya kupata kazi ya bure. Lebo iliyokubaliwa ilipwe, hata kiasi kidogo, na makubaliano yaandikwe. Mle kwenye karatasi pawepo kipengele kimoja ambacho wengi hukisahau: mbunifu akabidhi faili la asili lenye matabaka yake na fonti zilizotumika, siyo picha ya JPEG peke yake. Kijana akimaliza chuo na kuhamia mji mwingine, na uzito ukabadilika kutoka gramu 500 kuwa 450, mwenye faili la asili atarekebisha tarakimu tatu kwa dakika tano. Mwenye JPEG ataanza upya na kulipa upya.