Je, wajua? Ngege hula kwa kuchuja maji

Ukitazama mto Tana kutoka daraja la Garissa, utaona maji ya rangi ya udongo. Maji hayo hayo, yakiwa bado juu kwenye mabwawa, huweza kutulia hadi yakageuka kijani kwa mwani, mimea midogo isiyoonekana mmoja mmoja kwa macho. Mmoja wa walaji wa mwani huo ni ngege, yule samaki ambaye hotelini huitwa tilapia na Tanzania huitwa perege.

Ngege hana haja ya kukimbiza mlo. Hufungua kinywa akavuta maji, kisha hukifunga na kuyasukuma yatokee kwenye matamvua. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walichapisha walichokiona baada ya kuingiza kamera nyembamba kinywani mwa ngege wa Nile aliye hai: ute ulikuwa ukinasa chembe ndogo na kuzipeleka kooni.

Kuukamata mwani ni jambo moja, kuusaga ni jingine, maana aina nyingi zina ngozi ngumu. Katika Ziwa George, Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtafiti Moriarty aligundua kwamba tumbo la ngege hutoa asidi kali mno, pH yake ikishuka chini ya 2. Asidi hiyo huchukua muda kukolea, kwa hiyo mlo wa kwanza wa asubuhi hupita tumboni na kutoka ukiwa bado wa kijani. Samaki naye ana kifungua kinywa cha bure!

Tana ina ngege wake wa asili, Oreochromis spilurus. Makao yake yalibadilika mto ulipozuiwa: Kindaruma mwaka 1968, kisha Kamburu, Gitaru, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Maji yakisimama, tope huzama, mwanga hupenya, mwani hunawiri. Mchana mwani hutoa oksijeni, usiku huitumia. Unaokufa huzama na kuoza, na katika bwawa lenye kina uozo huo huimaliza oksijeni ya chini.

Basi si tupande ngege wengi wasafishe maji? Sikubaliani na wazo hilo. Ngege si ufagio. Anachokula hukirudisha majini kama kinyesi chenye naitrojeni na fosforasi, ambavyo ni chakula cha mwani mpya. Tena huwameza vijidudu ambao nao hula mwani. Hata mchujaji hodari kuliko yeye ana gharama zake. Kome milia walipoingia mto Hudson, Marekani, mwaka 1991, walipunguza mwani kwa zaidi ya asilimia 80, lakini oksijeni nayo ikapungua: watengenezaji wake wameliwa, na kome wenyewe wanapumua.

Huku Garissa hesabu ni nyingine kabisa. Mto ukishatoka Kiambere hupita kwenye miamba na maporomoko kama ya Adamson, ukachanganyika na hewa, na njiani huokota udongo upya kutoka kingo na vijito. Mwanga haufiki mbali ndani ya tope hilo. Kwa hiyo oksijeni ya mto hapa hutoka zaidi hewani kuliko kwenye mwani, na kwenye mkondo mkuu mchujaji hana mwani mwingi wa kuchuja.

Karamu yake iko pembeni, kwenye vidimbwi vilivyobaki pale mto ulipohama njia. Zamani mafuriko ya mwezi wa Mei na Novemba yalivijaza mara kwa mara, yakaingiza samaki wa kuzaliana na kusafisha maji yaliyolala. Mabwawa yamepunguza mafuriko ya kawaida, ingawa yale makubwa, kama ya 1997 na 2023, bado hupita. Kidimbwi kisichofikiwa na maji mapya hubaki na mwani wake, kinyesi chake na ngege wake.

Wewe unayefuga ngege kwenye bwawa la samaki kando ya mto, amka kabla ya jua. Wakati huo ndipo oksijeni huwa chini kabisa. Ukiwaona samaki wamekusanyika juu wakitweta kwa midomo, usiwatupie chakula na usiongeze samadi. Waingizie maji mapya, yakianguka kutoka juu ili yabebe hewa. Na ukizamisha mkono hadi kwenye kiwiko usikione kiganja chako kwa ukijani, mwani umezidi hata kwa ngege.